Siku ya Kawaida, Bila Mgeni

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, tena zuri, lakini hakuna aliyelitumia. Tangu utotoni aliitwa Kipimo, kwa sababu hakuacha kitu bila kukipima. Ukimtuma maji, alirudi akikwambia ndoo imepungua vidole viwili. Akipelekwa kushonewa gauni, fundi cherehani alianza kutokwa na jasho kabla hajagusa kitambaa. Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minane, na bado akiingia nyumbani kwako macho yalikwenda kwanza kwenye fremu ya mlango kuona kama imenyooka. Ndugu wa namna hiyo unampenda, sikatai, ila kuna siku unatamani umfungie nje.

Aliyepewa ndugu huyo alikuwa kaka yake mkubwa. Wawili hao walikuwa na duka la kompyuta: kaka mbele kwenye kaunta, Kipimo nyuma kwenye meza ya ufundi, ile yenye mguu mmoja mfupi. Meza ilicheza tangu siku iliponunuliwa. Ukiweka skrubu juu yake, ilibingirika hadi ukingoni ikaanguka, na Kipimo akapiga magoti kuitafuta. Alishamwambia kaka yake mara mia kwamba mguu ule unahitaji kitu cha unene wa milimita tatu. Kaka alijibu mara zote mia: "Kesho."

Sasa, wewe umewahi kununua kompyuta? Basi unajua muuzaji anavyokuuliza. Hakuulizi unafanya kazi gani. Anakuuliza una shilingi ngapi, kisha anakupa inayozimaliza. Mama anayeandika barua tatu kwa wiki anatoka dukani na mashine ya kutengenezea filamu. Mtengeneza filamu anatoka na ya kuandikia barua, anarudi baada ya mwezi amekunja uso. Jambo hilo lilimchoma Kipimo. Kwa miaka mitatu, kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa, alikaa akiandika programu yake mwenyewe, akaiita Pima Kwanza.

Programu yenyewe haikuwa na makeke. Unaiweka kwenye kompyuta yako ya zamani, inakaa kimya siku nzima ikiangalia kipi kinachoka kwanza. Ni prosesa, ambayo ndiyo inayofikiri? Ni memori, ambayo ni kama meza ya kazi, ikiwa ndogo karatasi hazienei? Au ni diski, ambayo ni kabati, na mtu anakwenda na kurudi kabatini mpaka miguu inauma? Jioni inakuandikia: hapa ongeza, hapa acha, na kama ni kununua, nunua ya aina hii. Basi. Haiangalii sura yako wala mfuko wako.

Kaka hakuiamini sana. Si kwamba hakumpenda dada yake. Alichoka tu. Wateja walikuwa wachache, na mtu aliyemzunguka siku hizo alikuwa Bwana Koti, wakala wa kampuni kubwa ya kuuza kompyuta, aliyevaa koti hata jua likiwaka namna gani. Bwana Koti alileta mkataba wa karatasi nane. Duka liuze mashine za kampuni yake peke yake, za aina moja, kubwa, zenye taa za bluu tumboni. Ufundi ukome. Hakuna kuongeza memori, hakuna kubadilisha diski. Mtu akija na mashine ya zamani, auziwe mpya. Mkataba ulisubiri sahihi ya kaka Ijumaa.

"Nikitia sahihi, hii meza yako itatoka," kaka alimwambia, akiangalia pembeni. "Utakuja mbele kunisaidia kuuza wino wa printa."

"Na Pima Kwanza?"

"Ndiyo maana nakupa nafasi moja, mdogo wangu. Ile ofisi ya wachora ramani za majengo mtaa wa pili, kompyuta kumi na sita, zote zinatambaa. Mkuu wao anataka kuzibadilisha, na Bwana Koti ameshafika pale. Nenda na programu yako. Ukiipata kazi ile, karatasi hizi sizigusi. Ukiikosa, usinilaumu."

Kipimo hakubisha. Alijua kaka yake akisema jambo kwa upole namna hiyo, amelifikiria muda mrefu.

Jumatatu asubuhi alifika. Ukumbi ulikuwa mrefu, meza kumi na sita zimepangwa safu mbili, na kwenye kila meza mchoraji amekaa wima utadhani yuko kanisani au msikitini. Mkubwa wao kwa umri alikuwa mama mmoja mwenye miwani aliyeitwa Mama Rula, kwa sababu alichora miaka mingi kwa rula na penseli kabla kompyuta hazijaja. Alimkaribisha Kipimo, akamwonyesha soketi, akamletea kiti. Mashine zilikuwa safi, zimefutwa vumbi hadi nyuma. Kipimo aliweka programu yake kwenye zote kumi na sita, akakaa kwenye kona, akasubiri jioni.

Hapo alifanya kosa, nami nitalisema wazi ingawa nampenda. Alitaka majibu yasomwe mara ya kwanza mbele ya watu. Hakutaka kuyaona peke yake kwanza. Kichwa kilikuwa kimevimba kidogo. Saa kumi jioni alimwita Mkuu, wachoraji wakakusanyika, Bwana Koti naye akajipenyeza, na kaka akasimama mlangoni. Kipimo akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti.

"Mashine zote zinatosha kwa kazi. Hakuna cha kubadilisha."

Wachoraji wakatazamana. Kisha mtu akacheka nyuma, na kicheko kikaenea.

Mkuu wa ofisi, mtu mnene mwenye sauti ya kupenya ukuta, hakucheka. "Mwaka mzima watu wangu wananiambia mashine zinaganda," alisema. "Kwa hiyo wananidanganya?"

"Hatukudanganyi, Mkuu," akasema Mama Rula, uso umemshuka.

Kipimo akasoma tena, akatamani sakafu ipasuke immeze. Namba zilikuwa pale. Memori nusu tupu, diski imetulia, prosesa inasinzia. Bwana Koti akamwekea mkono begani, na hilo ndilo lililomuuma kuliko kicheko. "Usijali, dada," alimwambia kwa sauti ya asali. "Alhamisi naleta mashine yangu moja waijaribu. Wewe pumzika."

Njiani kaka alitembea hatua tatu mbele. Angemlaumu, Kipimo angejibu, na kujibu kungempoza. Walifika dukani, kaka akaupanga mkataba vizuri kwenye kaunta, akaweka kalamu juu yake.

Jumanne asubuhi Kipimo alikaa kwenye meza yake inayocheza, ameshika tama. Miaka mitatu imekwenda na maji. Lakini mtu aliyezoea kupima hawezi kulia bila kuhesabu, basi akaanza kupitia namba za jana mstari kwa mstari, angalau ajue kilichomzika. Na mstari wa kwanza kabisa, ambao hakuna mtu anayeusoma, ukamshangaza. Ulitoka kwenye kumbukumbu za mashine zenyewe, ukionyesha kila kompyuta imewashwa saa ngapi. Zote kumi na sita ziliwashwa upya Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Kabla ya hapo, ya Mama Rula ilikuwa haijazimwa kwa siku arobaini na moja, na nyingine hivyohivyo.

Akasogeza kiti nyuma. Watu kumi na sita wanaoacha mashine wiki sita bila kuzima, wanazima zote asubuhi moja?

"Nimesahau waya kule," akamwambia kaka yake, akatoka. Hakukuwa na waya wowote.

Hakubisha hodi. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, akapita kimya akasimama nyuma ya nguzo. Hata ukumbi haukuwa ule wa jana. Vikombe mezani, karatasi sakafuni, masweta migongoni mwa viti, na Mkuu anatembea kati ya meza, simu sikioni, anaongea na mteja. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, na ofisi nzima iliishi kwa tabia hiyo. Hakujua kuongea na simu akiwa amekaa. Alitembea, akasimama nyuma ya kiti chochote kilicho karibu, akasema, "Ya shule," na aliyekaa pale alitakiwa kuifungua ramani ya shule kabla Mkuu hajamaliza sentensi, iwe ni kazi yake au si yake. Akisogea meza mbili, "Ya maktaba." Ole wake atakayeanza kuitafuta.

Kwa hiyo hakuna aliyefunga ramani. Walizifungua zote na kuziacha wazi, leo, kesho na mwezi ujao. Kwenye skrini ya Mama Rula Kipimo alihesabu ramani kumi na tisa. Mkuu akasimama nyuma yake: "Ya hospitali." Mama Rula akabonyeza. Skrini ikaganda. Akatikisa kipanya, akakipapasa, akakibembeleza. Mkuu akakohoa, akamwambia mteja, "Samahani ndugu yangu, leo mtandao unasumbua," akaondoka na jicho kali.

Kipimo akatoka nyuma ya nguzo, akachuchumaa kando ya kiti. "Shikamoo, Mama. Jana ulifungua ramani ngapi?"

"Marahaba. Jana? Moja moja. Nikimaliza nafunga."

"Kwa nini?"

Mama Rula akamtazama juu ya miwani kama anayemtazama mtu aliyeuliza kwa nini watu wanaoga. "Si ulikuwa unakuja wewe? Mgeni akija nyumbani kwako, utamwachia vyombo vya jana mezani? Nilipita meza hadi meza, nikawaambia, zimeni, washeni, fungeni kila kitu, anakuja mtu wa kutupima, msituaibishe. Hata Mkuu tulimwomba akae ofisini kwake. Alikubali. Alivaa na shati jipya."

Kipimo alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alicheka mpaka wachoraji wa safu ya pili wakasimama kuona. Watu hawa walikuwa wamempokea kwa heshima zote, wakafagia, wakapanga, wakaficha kila ugonjwa, halafu daktari akaandika hakuna mgonjwa. Na yeye, mpima wa kila kitu, hakuuliza swali hata moja.

Akapiga moyo konde akaenda kwa Mkuu.

"Umekuja kuwaita watu wangu waongo mara ya pili?" Mkuu akauliza.

"Nimekuja kusema nilikosea mimi. Nilipima siku ya wageni. Naomba nipime siku ya kazi, kesho. Mtu asisafishe chochote, asifunge chochote. Na wewe, Mkuu, utembee."

Mkuu akaweka simu mezani. Nadhani hakuwa amezoea kuona mtu wa kompyuta akikubali kosa. Hao kila kitu kikiharibika wanasema ni umeme. "Nitatembea," akasema.

Jumatano saa za mwanzo zilikuwa kichekesho. Mkuu alitembea kama anapigwa picha, na wachoraji wakajibu "ndiyo, Mkuu" kwa sauti za harusini. Lakini kazi haijui kuigiza muda mrefu. Kufikia saa nne simu zilikuwa zinalia, vikombe vimerudi mezani, na Mkuu anapaza sauti, "Ya soko! Nani ana ya soko?" Hakuna aliyekumbuka kwamba Kipimo yuko kwenye kona.

Alasiri alifungua majibu, na safari hii aliyasoma kwanza akiwa peke yake kwenye korido. Kufikia saa nne na dakika kumi memori ilikuwa imejaa pomoni kwenye kila mashine. Baada ya hapo diski ilibeba mizigo isiyo yake, ikakimbia huku na huko bila kupumzika. Na prosesa, ile ambayo watu wote wanataka kuinunua mpya, siku nzima ilikuwa imekunja nne ikisubiri wenzake. Chini kabisa Pima Kwanza iliandika: memori mara nne ya iliyopo, diski ya kisasa badala ya ile inayozunguka, mengine yote yaachwe.

"Maneno matupu nimeyasikia sana," Mkuu akamwambia alipomwonyesha. "Kesho mwenzako analeta mashine mpya. Na wewe lete yako."

Kipimo akachagua ya Mama Rula, iliyokuwa kuukuu kuliko zote, yenye kibandiko cha ua ubavuni na herufi tatu zilizofutika kwenye kibodi. Alhamisi asubuhi aliifungua kwenye meza yake ya ufundi. Skrubu ya kwanza ikabingirika. Kabla haijafika ukingoni, mkono wa kaka ukaizuia. Alikuwa amekuja nyuma bila kuitwa. Akaishika meza kwa mikono miwili isicheze, akabaki hivyo mpaka memori mpya ikakaa na diski mpya ikafungwa.

"Ukishindwa sitakucheka," akasema.

"Shika vizuri," Kipimo akamjibu, akiikaza skrubu ya mwisho.

Ukumbini mashine ya Bwana Koti ilikuwa tayari imewashwa, inapepesa taa za bluu, nzuri, siwezi kuikosea heshima. Kando yake wakaweka ya Mama Rula, na ua lake. Bwana Koti akaomba aanze. Akafungua ramani ya shule, na kabla watu hawajavuta pumzi, hiyo hapo. Mama Rula akafungua ileile kwenye mashine yake. Ilichukua sekunde mbili zaidi. Watu wakanung'unika. Bwana Koti akafungua kifungo kimoja cha koti na kutabasamu, na kaka akaangalia viatu vyake.

Kipimo hakupepesa. "Mkuu," akasema, "naomba ufanye kazi yako ya kila siku."

Mkuu akainuka. Na bahati ilivyo, simu ikalia kweli, mteja wa hospitali. Akaanza kutembea nyuma ya mashine mbili, akienda na kurudi. "Ya hospitali," akasema, na zikafunguka zote mbili. "Ya maktaba. Ya soko. Ile ya ghorofa tano." Mashine ya taa ilikwenda vizuri mpaka ramani ya saba. Ya nane ikajivuta. Ya kumi ikaonyesha nusu ya ukuta ikaishia hapo. Prosesa ilikuwa ya nguvu, kadi ya picha ya ajabu, lakini memori waliyoiwekea ilikuwa ndogo mno, kwa kuwa memori haiwaki taa na mteja haiulizii. Ilipofika ya kumi na mbili, mashine ikaganda. Taa zikaendelea kupepesa.

Mama Rula hakugeuza shingo. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na saba. Kumi na tisa. Kila Mkuu alipofungua mdomo, ramani ilikuwa imeshafika. "Rudi ya hospitali," akasema, na ikarudi kabla hajafunga mdomo. Mkuu akasimama. Kwa mara ya kwanza mwaka huo hakuwa na haja ya kusingizia mtandao. "Naiona," akamwambia mteja, na sauti ile nene ikalainika. "Naiona hapa mbele yangu, ndugu yangu. Uliza unachotaka."

"Mmefungua nyingi mno," Bwana Koti akasema. "Fungeni nyingine. Mashine itakwenda."

Wachoraji kumi na sita wakamtazama.

"Tufunge?" akauliza Mama Rula, taratibu. "Katika ofisi hii?"

Kicheko kilichofuata kilitikisa madirisha, na safari hii hakikumlenga Kipimo. Mtu akaanza kugonga meza kwa rula, mwingine akafuata, mpaka safu zote mbili zikawa zinagonga. Bwana Koti akavua koti lake, akalitundika mkononi, akaomba asaidiwe kubeba mashine hadi kwenye gari. Kaka akamsaidia. Alikuwa mtu wa adabu.

Nisizunguke: Kipimo alifurahi. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka hadharani, akayafuta kwa kiganja, yakatoka tena. Mkuu akakata simu. "Hizi kumi na tano zilizobaki," akasema, "lini?"

"Nitaanza leo. Jumatatu mtakuwa nazo zote."

"Na majirani zetu hapo juu, wale wa mahesabu ya nguzo, zao zinaganda pia. Nitawaambia wasifagie."

Kaka alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Mchoraji mmoja alipompita, alimshika mkono. "Yule ni dada yangu," akamwambia. Akamwambia na wa pili, na wa tatu, ingawa hakuna asiyejua.

Mchana ule dukani, kabla ya kitu kingine chochote, Kipimo alifungua programu yake akaongeza swali moja, juu kabisa, ambalo bila kulijibu Pima Kwanza haianzi: Je, hii ni siku ya kawaida, bila mgeni? Akaliangalia, akaridhika.

Alipoinua macho, kaka alikuwa amesimama mbele yake na zile karatasi nane. Hazikuwa na sahihi. Akazikunja mara moja, akazikunja tena, akazibana kwa vidole.

"Milimita tatu ulisema?"

"Tatu."

Kaka akapiga magoti, akainua mguu mfupi wa meza, akausukuma mkataba chini yake. Kipimo akachukua skrubu moja kutoka kwenye kikombe, akaiweka katikati ya meza, akaondoa mkono. Skrubu ikabaki palepale.

"Imekaa?" kaka akauliza kutoka chini.

"Imekaa," akasema Kipimo, akavuta kompyuta ya kwanza kati ya zile kumi na tano.